Ufunguo wa Ramani

Mwalimu Virginie alipouliza ziwa liko wapi, mtoto wa dawati la mbele alisimama, akanyoosha mkono na kuonyesha sehemu ya juu ya ubao.

"Iko kaskazini, Madame," alisema kwa uhakika wa mtu aliyekariri.

Nyuma ya kisogo chake, dirishani, Ziwa Kivu lilikuwa limetandaa chini ya kilima kama shuka lililoanikwa juani, na boti la Goma lilikuwa likiondoka bandarini, likiburuta mkia mweupe majini. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyegeuka kutazama.

Virginie alifundisha mwaka wa tano katika shule ndogo ya mlimani, juu ya soko la Nyawera, na asubuhi hiyo alitambua kwamba alichokuwa akifundisha miaka yote hakikuwa jiografia bali wimbo. Watoto wake waliweza kutaja nchi zote zinazopakana na Kongo bila kuvuta pumzi. Waliutaja mto Ruzizi kwa sauti moja kila Jumanne, na baadhi yao waliuogelea kila Jumamosi wazazi wakiwa sokoni, lakini hawakujua kuwa mto wa kitabuni na ule uliolowesha kaptura zao ni mmoja.

Alasiri alimsimulia Lucien. Hao wawili walikuwa marafiki tangu walipokuwa wanafunzi wa ualimu, wakigawana chaki na mihogo ya kuchoma. Baadaye walifundisha mlango kwa mlango katika shule hiyo, hadi mwaka uliopita Lucien alipoacha chaki na kuwa komisionere, mtu wa kuwakutanisha wanaouza viwanja na wanaonunua. Binti yake, Larissa, alibatizwa akiwa mikononi mwa Virginie, na tangu siku hiyo Lucien hakumwita tena kwa jina. Alimwita Marraine, mama wa ubatizo. Sasa Larissa alikuwa mwanafunzi wa Virginie, na kila alasiri baba yake alipokuja kumchukua alijibanza kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani, wakazungumza.

"Usiwalaumu watoto," Lucien alimwambia baada ya kucheka hadi machozi. "Ile ramani ya ukutani haiwajui. Uwaanzishie na kilima chao. Mutu akishajiona kwenye karatasi, hata Shabunda ya mbali ataifika kwa kidole."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Waliomba mifuko mitupu ya saruji kwa fundi aliyekuwa akijenga karibu na kanisa, wakaipasua, wakachukua karatasi ya ndani na kuiunganisha kwa gundi ya unga wa muhogo, hata ikawa karatasi moja pana iliyofunika sakafu kati ya madawati. Kisha Virginie akawatoa watoto nje. Walipanda na kushuka vichochoro wawili wawili, mmoja akihesabu hatua, mwingine akiandika. Waliingia kila ua, wakaamkia, wakauliza: hapa ni kwa nani? Watu walifurahi kuulizwa. Maman Georgette, bibi yake mwanafunzi Josué, aliwaketisha wote kwenye jamvi na kuwapikia viazi kabla ya kuwaruhusu kuandika jina lake. Alimtazama Virginie kwa macho ya mtu anayeona nyumba yake ikiheshimiwa.

Rangi walijitengenezea. Mkaa ulikuwa wa njia, udongo mwekundu wa nyumba, na majani ya muhogo, sombe, yaliyopondwa yalikuwa ya bustani, ingawa baada ya siku chache yaligeuka kahawia. Lucien naye aliingia kazini bila kuombwa. Alivua viatu, akatambaa juu ya karatasi pamoja na watoto, akawafundisha kupunguza hatua nyingi ziwe urefu wa kidole, na wote waliporudi wakiwa na vipimo vinavyopingana aliwapatanisha kama hakimu.

Tatizo lilizuka kwenye chemchemi. Chini kidogo ya shule palikuwa na kiwanja kipana ambamo maji yalitoka mwambani mwaka mzima. Wanawake wa mlima wote waliteka pale, wakafua pale, na pembeni kila mmoja alikuwa na tuta lake la mboga za lengalenga au la maharage.

"Hapa ni kwa nani?" Virginie aliuliza.

"Kwa Maman Georgette," alisema Josué.

"Hapana, hata sisi tuko na bustani pale," mwingine akadakia.

Walibishana. Mwishowe Larissa, ambaye alikuwa mtoto wa kusema machache, alisema, "Ni pa wote."

Rangi zilikuwa zimekwisha, wala hapakuwa na rangi ya kitu cha watu wote. Virginie akasema basi pabaki peupe, na maana yake iandikwe chini, mahali pa ufunguo wa ramani, ambapo kila alama huelezwa. Mwandiko wa Larissa ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake. Yeye ndiye aliyepiga magoti na kuandika, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo: *Nyeusi ni njia. Nyekundu ni nyumba. Peupe ni pa wote.* Baba yake alisimama nyuma yake, akasoma, akampapasa kichwani.

Ramani ilipokamilika, Lucien aliizunguka mara kadhaa akitikisa kichwa kwa furaha. "Marraine, hii haifai kulala hapa ikaliwa na panya. Kuna maonyesho ya shule mjini, wakaguzi wote watakuwepo. Uniazime, niifikishe, nitairudisha mwenyewe." Aliikunja polepole kama mtu anayekunja kitambaa cha altare. Watoto walimsindikiza mpaka barabarani wakiimba.

Wiki zilipita. Alipoulizwa, Lucien alisema wakaguzi wameipenda mno, bado wanaizungusha ofisini. Virginie aliwaambia hivyo wanafunzi wake, nao wakavimba vichwa.

Kisha asubuhi moja wanawake walioshuka kuteka maji walikuta vigingi vilivyopakwa chokaa vimezunguka chemchemi, vingine vimepigwa katikati ya matuta ya maharage. Vijana wasiowajua walikuwa wakivuta kamba. Walisema kiwanja kimenunuliwa na tajiri mmoja, na mwenye swali aende kwa chefu, mkuu wa mtaa.

Virginie alikwenda pamoja nao, kwa kuwa shule nayo iliteka maji pale. Chefu, mzee mmoja mpole aliyeitwa Constantin, aliwakaribisha vizuri, akawaomba wasiseme wote kwa pamoja. Lakini Virginie alikuwa ameacha kusikiliza. Ukutani, nyuma ya kiti cha Constantin, ilitundikwa ramani ya watoto wake.

"Mwalimu, hii si kazi yako?" Constantin aliuliza alipoyafuata macho yake.

"Ni ya wanafunzi wangu."

"Basi tazama wewe mwenyewe. Kila nyumba iko na rangi, kila mutu iko na jina yake. Hapa kwenye maji hakuna rangi, hakuna jina. Batoto yenu wenyewe ndio walionyesha kama haina mwenyewe. Mimi ningekataa kwa sababu gani?"

Virginie alisogea karibu. Ukingo wa chini wa ramani ulikuwa umenyooka mno. Karatasi ile ilikuwa imechanika-chanika pande zote, kama ilivyo karatasi ya mfuko wa saruji, isipokuwa upande huo mmoja, uliokatwa kwa wembe na rula. Ufunguo haukuwepo.

"Hapa chini palikuwa na maandishi," alisema. "Yalisema peupe ni pa wote."

"Na sasa iko wapi, ile maandishi?"

Wanawake walikuwa wamegeuka, na sasa walimtazama yeye, si Constantin. Maman Georgette ndiye aliyesema, wala hakupaza sauti.

"Mwalimu, ni wewe ulituma batoto waulize majina yetu. Mimi niliwapikia hata viazi. Karatasi ulimupa nani?"

"Niliiazimisha," Virginie alijibu.

Georgette alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akisubiri habari ya msiba na sasa imefika.

Njiani Virginie alijaribu kumtafutia Lucien udhuru. Labda ramani iliibwa kwenye maonyesho. Labda wakaguzi waliigawa bila kuuliza. Kila udhuru aliouokota ulimponyoka, kwa sababu wembe ule ulikuwa umepita sawasawa juu ya mstari wa mwisho wa mwandiko wa Larissa, na mtu asiyeijua ramani ile asingejua pa kukata.

Alimkuta Lucien akipiga pasi shati, pasi ya makaa ikifuka moshi kidogo, katika chumba cha kupanga alimoishi na familia yake tangu mvua zilipoiteremsha nyumba yao ya mbao bondeni. Uani, Larissa alikuwa akiosha sahani.

"Ulikata ufunguo," Virginie alisema akiwa bado mlangoni.

Lucien hakuuliza ufunguo gani. "Ingia kwanza, Marraine. Majirani wanasikia."

"Wasikie."

Alipitisha pasi kwenye mkono wa shati, akaurudia. "Yule bwana aliniuliza kama ninaujua ule mlima. Nikasema ninaujua. Hakutaka maneno, alitaka kitu cha kuona."

"Na ufunguo?"

"Ungeleta maswali mengi."

"Ulisimama pale mtoto wako akiuandika."

"Ninajua nani aliuandika." Aliisimamisha pasi, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Nyumba yangu ilipokwenda na udongo, ulikuja. Ulilia na sisi, ulileta mashuka. Wote walikuja, wote walilia. Halafu jioni kila mtu alirudi kwake, kwa sababu alikuwa na kwake. Mimi nimebaki hapa, kwa watu. Mvua ikipiga usiku, Larissa anaamka anavaa viatu, anakaa kitandani kungojea kukimbia. Sasa nimepewa kona ya kujenga, juu ya mwamba, mahali udongo hauteremki. Niambie, wewe ungefanya nini?"

Virginie alikuwa amekuja na maneno makali. Sasa alimwona mtoto yule kitandani na viatu vyake. Alimwona pia mtu huyuhuyu akitambaa sakafuni pamoja na watoto, akiwapatanisha kwa vipimo vyao, na akajiuliza kama siku ile tayari alikuwa akikipima kiwanja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kiwanja kilichukuliwa kwa wembe; lakini kumbukumbu zake za alasiri zile, kicheko, magoti kifuani, viatu vilivyovuliwa mlangoni, nazo zilikuwa zimechukuliwa, na hakujua tena zipi zilikuwa zake kweli.

"Ungekuja ukaniambia," alisema mwishowe. "Ukasema, Virginie, nipe ramani nikauze maji ya watu. Ningekukatalia. Ungenichukia, na tungekuwa marafiki waliogombana. Lakini uliniomba ukicheka. Watoto walikusindikiza wakiimba."

Lucien alirudia kupiga pasi kola ambayo ilikwisha kunyooka. Uani, sahani zilikuwa zimenyamaza.

Siku iliyofuata, kabla ya kengele, Maman Georgette alikuja shuleni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Constantin amesema atatusikiliza tena," alianza. "Anataka mutu ambaye hana bustani pale. Tukimuleta Josué, watasema ni mutoto wetu, tumemufundisha. Lakini Josué aliniambia kama mwenye kuandika ni mutoto wa Lucien. Umulete huyo, mwalimu. Aseme tu kile aliandika. Hakuna mutu atasema anadanganya, maana wote tumesikia ni baba yake ndiye atajenga pale."

Virginie aliona mara moja kwamba Georgette alikuwa sahihi. Lilikuwa jambo dogo: mtoto asimame, aseme maneno manne aliyoyaandika mwenyewe, arudi darasani. Aliingia, akamwita Larissa, wakasimama kwenye baraza. Kabla hajafungua kinywa, msichana alisema, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake:

"Wakiniuliza nitasema kweli, Madame."

"Ninajua."

"Halafu nitarudi kwa nani?"

Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama alivyouliza darasani jinsi ya kugawanya namba isiyogawanyika, akitaka kweli kuonyeshwa njia. Virginie alisimama pale, vumbi la chaki likiwa bado mikononi. Akamrudisha darasani.

"Siwezi," alimwambia Georgette. "Nitakwenda mimi."

"Wewe ndiye ulitoa karatasi. Nani atakuamini?"

"Nitakwenda hata hivyo."

Georgette alikaza kitenge chake kiunoni. "Basi na wewe umetukata," alisema, akateremka kilima.

Virginie alikwenda. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama anavyoeleza mwalimu. Constantin alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa masikitiko kwamba mchoro wa watoto hauwezi kuwa ushahidi wa maneno ambayo hayapo tena juu yake. Virginie alimuuliza mbona ulikuwa ushahidi wa mambo mengine yote. Mzee alishusha macho, akasema yeye alikwisha kutia sahihi.

Ukuta ulipanda haraka, wa matofali ya saruji, na juu yake wakapachika vipande vya chupa. Wanawake walianza kuteremka kuteka maji kwenye bomba la mbali, karibu na barabara ya Nyawera, ambako foleni huanza alfajiri. Waliokuwa wakimpisha Virginie njiani kwa salamu ndefu sasa walimpisha kimya. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, kila alipopita pale, alishindwa kujua ni kipi kizito zaidi, alichotendewa au alichokataa kutenda.

Darasani alirudi kwenye wimbo. Nchi zinazopakana, mito, majimbo na miji mikuu yake. Watoto waliimba, naye akapiga mdundo kwa rula mezani. Hakuna aliyeumizwa na wimbo. Alifikiri kwamba hapo angalau amepata amani, mpaka siku moja, akiwa katikati ya orodha ya mito, alipogundua kuwa Larissa hanyooshi tena mkono.

Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumtaja. Hakukumbuka. Dawati la msichana lilikuwa la watu watatu na alikuwa amekaa peke yake. Kitambo sasa, bila shaka, maana mikoba ya wenzake ilikuwa na mahali pake pengine. Mtu fulani alikuwa amechora ukuta kwenye ubao wa dawati lake kwa ncha ya kompasi, na juu ya ukuta, vipande vya chupa. Virginie alikuwa amepita kando ya dawati hilo kila siku. Alimwokoa mtoto huyu asisimame mbele ya chefu, kisha akamwacha asimamishwe hapa, mbele ya macho yake, kila asubuhi. Na alipojichunguza bila kujihurumia aliona kwamba sehemu fulani ya moyo wake iliridhika. Hakuweza kumfikia Lucien. Binti yake alikuwa karibu.

Josué alichelewa tena siku hiyo, mabega yakiwa yamelowa kwa dumu la maji. Aliomba radhi, akaketi, halafu akanyoosha mkono.

"Madame, ile ramani yetu sasa ni ya uongo. Ukuta hauko juu yake, na njia imefungwa. Mutu akiifuata atagonga."

Virginie aliweka rula chini.

"Kweli," alisema. "Tokeni nje."

Walitoka kama walivyotoka mara ya kwanza, wawili wawili, kila jozi ikipewa kichochoro chake. Alisimama langoni akiwapanga, na alipomaliza alibaki Larissa, kando ya nguzo, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyemwita. Kulikuwa na sehemu moja ambayo haikuchukuliwa na mtu, nayo ilikuwa ukuta wenyewe.

"Twende," Virginie akamwambia.

Walishuka pamoja. Saruji ya ukuta ilikuwa bado na harufu mbichi, na ndani, nyuma yake, maji yalisikika yakitoka mwambani kama kawaida yake. Wanawake wawili waliokuwa wakipanda na madumu mgongoni, kamba zikiwa zimewakaza kwenye vipaji vya uso, waliwaona mwalimu na mtoto yule wakienda bega kwa bega. Mmoja alisimama kuwatazama. Virginie aliwaamkia. Yule aliyesimama akarekebisha kamba yake, kisha akaitikia.

"Anza hapa," alimwambia Larissa, "uhesabu kwa sauti. Mimi nitaandika."

Larissa alihesabu. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, kisha ikazoea. Walifika kwenye kona, mahali ambapo msingi wa nyumba ulikuwa umekwisha kujengwa kwa mawe meusi juu ya mwamba, na fito za chuma zimesimama. Msichana aliacha kuhesabu. Aliitazama ile nyumba yao isiyokuwa bado nyumba, akamtazama mwalimu wake, akashika upindo wa sketi.

"Madame," alisema. "Papa anakusalimia. Kila siku ananiambia nikusalimie, na mimi sikuambii."

Virginie alishusha macho kwenye karatasi. Juu ya kilima jozi nyingine zilikuwa zikiitana kutoka kichochoro hadi kichochoro, namba zikipishana hewani, na hakuna hata moja iliyolingana na nyingine. Aliandika idadi waliyofikia. Aliandika polepole, tarakimu moja, kisha nyingine.

"Umwambie salamu zimefika," alisema.

Kisha wakakunja kona, na Larissa akaendelea kuhesabu alipoishia.